Sekunde Nne za Kuaga

Kituo cha afya, Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu mpenzi,

Nimeandika neno "mume" halafu nikaweka kalamu chini nikalitazama. Siku kumi na tisa tangu tuoane na bado linanishtua kama mtu aliyegongewa mlango akiwa anaoga. Mume wangu. Mume wangu. Haya, nimelizoea, tuendelee.

Nimebandika kalenda juu ya friji la chanjo. Mganga alipouliza ni ya nini nikamwambia ni ya kazi, na sikudanganya. Si Mkubwa wako wa karakana alisema mwenyewe? Kisanduku chako kikiandika joto la friji hili siku thelathini mfululizo bila faili kuharibika, atasaini uhamisho wako uje uwe fundi wa vituo vya huku, tukae nyumba moja kama watu. Leo ni siku ya saba. Nimeizungushia duara jekundu, na ndani ya duara nimechora moyo. Usinicheke.

Ila mume wangu, kwa nini majaribio yafanyiwe hapa, ambapo umeme unakatika kama pumzi ya mgonjwa? Najua, Mkubwa anasema kikisalimika hapa kitasalimika popote. Basi tumechaguliwa kwa ubaya wetu. Umeme umekatika mara tano wiki hii. Friji lenyewe halina shida, barafu yake inashika siku mbili nzima, ni kisanduku tu kinachozima na kuwaka. Usiwe na wasiwasi. Uliniambia kumbukumbu zote zimo ndani ya kile kikadi kidogo kama ukucha, na kwamba hicho ndicho kitakachokuleta nyumbani. Nakitunza kama yai.

Simu huku bado ni tochi tu, mtandao haufiki. Kwa hiyo tutaandikiana kila Alhamisi, barua na kadi kwenye bahasha moja, kadi tupu ikibaki kisandukuni, na gari la chanjo litakuwa posta yetu. Dereva Polepole amesema hatasoma. Alivyolisema, nadhani atasoma.

Shangazi yako anakusalimu. Anasema tangu uondoke naweka chumvi mara mbili au nasahau kabisa.

Mkeo (mkeo!),
Kiranja


Karakana, Jumatano, 12 Machi

Kiranja wangu,

Barua imesomeka. Kadi haijasomeka.

Sijui namna nzuri ya kulisema. Nimeichomeka kwenye kompyuta mara tatu, nikaifuta kwa kitambaa, nikaichomeka ya nne. Siku nne za mwanzo zinafunguka. Kuanzia Jumanne mchana ni takataka, alama zisizo na maana, kama mtoto kakalia kibodi. Mkubwa amekata mstari kwenye karatasi ya ukutani na kuandika sifuri. Tunaanza upya.

Kosa ni langu. Programu yangu ilikuwa inafuta ukurasa wa zamani ndipo iandike mpya. Umeme ukikatika katikati, wa zamani haupo na mpya haujawa. Ni kama mtu anayechana barua ya kwanza kabla hajamaliza ya pili, mara taa inazimika, anabaki na vipande mkononi.

Nimeibadilisha. Sasa kisanduku kinaacha nakala ya zamani ilipo, kinaandika mpya pembeni, na mwisho kinaweka alama ya kufunga, kama wewe unavyoweka sahihi. Kisha kinaisoma tena. Kikiona alama ipo, ndipo mpya inachukua nafasi ya zamani. Kikiamka baada ya umeme kukatika na kukuta nakala isiyo na alama, hakiiamini. Kinarudi kwa ile ya zamani na kuendelea. Tunapoteza dakika moja tu, na dakika moja Mkubwa anaisamehe.

Programu imo ndani ya kadi hii. Ichomeke, subiri taa ya kijani itulie, basi.

Mimi mzima. Chumba ni kile kile, nakula, nalala. Usijali.

Mumeo,
Fundi Waya


Kituo cha afya, Alhamisi, 20 Machi

Mume wangu, roho yangu, Fundi wa waya zangu zote,

Kwanza usijilaumu. Nimefuta maduara yangu mekundu kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, nikanunua kalenda nyingine. Sasa leo ni siku ya saba kwa mara ya pili. Nimekuwa mtu wa siku ya saba.

Ulichoeleza kuhusu nakala mbili kimenipendeza hadi nimekiiga. Barua yako ya zamani siiweki sandukuni mpaka mpya ifike, niisome hadi chini, nione "Fundi Waya". Ndipo ya zamani inapumzika. Kwa hiyo usiku na mchana nina barua yako moja mfukoni, sikai bila.

Wiki hii tumechoka wote. Umeme haukatiki tena ghafla, unachezacheza. Taa inafifia, inarudi, inafifia, halafu giza. Nimehamisha kiti changu nikae karibu na friji. Nikiona balbu inabadilika rangi tu, naacha kila kitu. Jana nimemwacha mama mmoja ghafla, mtoto wake bado kashikilia mkono wangu wa kushoto. Shangazi alikuwa kwenye benchi ameniletea chai, akatikisa kichwa. "Wewe msichana," akasema, "mkamia maji hayanywi." Nikamwambia, "Shangazi, mimi sikamii maji, nakamia mume." Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Usihangaike juu yangu. Kukaa peke yangu nimezoea sasa. Kitanda ni kikubwa, najinyoosha nitakavyo. Fanya kazi yako kwa utulivu.

Mkeo akupendaye mpaka kwenye kucha,
Kiranja


Karakana, Jumatano, 26 Machi

Kiranja,

Imeharibika tena. Sifuri.

Nimekaa na kadi hiyo siku tano. Nakala ya zamani mbovu, mpya mbovu, hata orodha ya mafaili yenyewe imevurugika. Haikupaswa kuwezekana. Nimekata umeme wa kisanduku cha hapa mezani mara mia mbili kwa mkono wangu, kidole kimeota sugu, na mara zote mia mbili kimeamka salama. Cha kwako kinakufa.

Polepole anakuletea kisanduku kipya. Chomoa waya mbili, chomeka mbili, hata yeye anaweza kukusaidia. Ndani nimetia kapasita, kikopo kidogo kinachoshika umeme. Umeme ukikatika, taa ya kijani itabaki inawaka sekunde nne. Sekunde nne zinatosha. Kila Alhamisi ukitaka kutoa kadi unitumie, ni vile vile, unabonyeza kitufe cheusi, unasubiri taa izime.

Mkubwa ameanza kuuliza maswali. Nimemwambia ni mimi.

Nafurahi kwamba umezoea.

Fundi


Kituo cha afya, Alhamisi, 3 Aprili

Mume wangu,

Leo nina hasira nawe na sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nilimwuliza Polepole, "Mume wangu hajambo?" Akajibu kwa ile sauti yake ya kuvuta, "Hajambo, ila mgongo." "Mgongo umefanya nini?" "Si ile meza." "Meza gani?" Hapo akajua kaharibu, akaanza kukagua tairi ambalo halina kasoro.

Nimemtoa yote. Ulirudisha chumba kwa mwenye nyumba mwisho wa Februari, ukafunga na begi, kwa sababu ulikuwa na hakika ndani ya siku thelathini uko kwangu. Tangu hapo unalala karakanani, juu ya meza ya kusoldia waya, umejifunika makoti ya kazi. Na mimi unaniandikia "chumba ni kile kile"! Mwezi mzima nimekuwazia kitandani, na wewe uko katikati ya waya kama redio iliyoletwa kutengenezwa.

Kwa nini ulinificha? Mimi ni nani, jirani?

Sijalala vizuri tangu aseme. Nachoka nikiamka. Lakini kisanduku kipya nimekifunga mwenyewe, Polepole akishika tochi na kutoa ushauri usio na faida. Sekunde zako nne nimezihesabu kwa sauti. Zinafika. Umetufikiria vizuri. Umeme umekatika mara tisa wiki hii na mara zote tisa nimefanikiwa. Safari hii itasomeka, naapa.

Nakutumia mto. Usimpe mtu.

Mkeo bado, ingawa nimenuna,
Kiranja


Karakana, Jumatano, 9 Aprili

Kiranja,

Mto umefika. Asante.

Kadi imeharibika. Lakini mara hii kisanduku kimesema kitu, na nimeandika barua hii mara tatu nikaichana kabla ya kukuuliza.

Katika programu mpya nilikifundisha kuaga. Umeme ukikatika, kinatumia zile sekunde nne kumaliza kuandika, kinaweka alama, kinaandika "nazima." Kikiwashwa kinaandika "nimeamka." Mengine kinayaweka tumboni mwake, na kikipata kadi kinayanakili humo. Nimeyasoma. Mara zote tisa kimeanza kuaga na hakikumaliza. Mara zote tisa kilipoamka kimeandika neno moja: "kadi haipo." Haipo saa moja. Haipo saa tatu. Kisha ipo.

Kwa hiyo si umeme. Mtu anachomoa kadi.

Mkubwa alikuwa nyuma yangu akasoma juu ya bega langu. Akasema, "Fundi, kikulacho ki nguoni mwako." Nilitaka kumpiga. Nikamwambia chumba cha chanjo kina ufunguo mmoja na anao mke wangu. Akasema, "Ndiyo ninachosema." Alhamisi ijayo anataka jibu, la sivyo majaribio yanahamia kituo kingine na mimi nabaki hapa.

Nimechoka, mke wangu. Nimerudia barua yako ya tarehe ishirini. Kitanda ni kikubwa. Umezoea. Nifanye kazi kwa utulivu. Naomba unijibu kama unavyojibu swali la mtihani, kwa kifupi na kwa kweli.

Hutaki nije?

Fundi


Kituo cha afya, Alhamisi, 10 Aprili

Polepole yuko nje, nimemwambia asubiri, anasema ana vituo vinne mbele yake. Naandika nimesimama.

Ni mimi. Ni mimi niliyechomoa. Mara zote. Tangu siku ya kwanza.

Mume wangu, nilikuwa naiokoa! Uliniambia umeme ukikatika ndipo mafaili yanapoharibika. Nikafikiri, basi umeme ukikatika, yatolewe. Kama nguo kambani mvua ikianza. Nani anaacha nguo nje? Kumbuka shuleni nilikuwa mlinzi wa netiboli, mkono wangu mwepesi. Balbu ikififia tu nimeshafika. Nachomoa kadi, naifunga kwenye kile kitambaa cheupe cha siku ya harusi, naitia kifuani, na haitoki hapo mpaka umeme utulie kabisa. Nilikuwa natembea nayo kama mja mzito. Nilikwambia naitunza kama yai! Kitufe nilidhani ni cha kuzima kisanduku, na umeme ukikatika si kimeshajizima?

Na ulipoleta sekunde nne nililia kwa furaha. Nilidhani umenipa mimi. Nilidhani umenitengenezea nafasi ya kufika.

Mkubwa wako amesema kweli bila kujua. Kikulacho kilikuwa nguoni mwangu, kimefungwa kwa kitambaa cha harusi.

Kuhusu "nimezoea." Sijazoea. Nalala upande wangu tu, upande wako sijaugusa, shuka lake halina hata mkunjo. Niliandika vile usije ukafanya kazi huku unaniwazia ukaunguza vidole. Umenificha meza nami nimekuficha kitanda, na sasa tazama. Kama nisingekuwa nakutaka hivi ungekuwa umeshakuja. Ndilo linaloniua. Kila niliporukia ile kadi nilikuwa nakurudisha nyuma kwa mikono yangu miwili na nikijisifu

Anapiga honi. Mwambie Mkubwa ni mimi, aniandike barua ya onyo, lakini wewe


Karakana, Jumatano, 16 Aprili

Mke wangu,

Barua yako imefika bila sahihi. Nimeigeuza nyuma, nimetikisa bahasha. Nilikifundisha kisanduku kwamba nakala isiyo na alama ya kufunga isiaminiwe, kirudi kwa iliyotangulia. Mimi nimeiamini hiyo hiyo, pale pale ilipokatika. Zilizotangulia ndizo zilizonidanganya, na za kwangu zikakudanganya wewe.

Nimecheka, Kiranja. Peke yangu, karakana nzima ikinitazama. Halafu nikatoka nje nikasimama kando ya matenki ya maji kwa muda, maana kicheko kiligeuka.

Mkubwa nimemsomea kipande cha kadi, si cha shuka. Alivua miwani. Akasema, "Fundi, umekata umeme mara mia mbili, hukuuliza mara moja mtu anafanya nini pale taa ikizimika?" Nimeandika kurasa za maelezo ya kisanduku na hakuna mstari mmoja unaosema usiguse kadi, kwa sababu sikuwaza kwamba kuna mtu angekipenda kiasi hicho. Sasa mstari huo upo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Ametupa siku thelathini za mwisho. Hakuna nyingine baada ya hizo.

Sikiliza basi. Taa ikififia, usiinuke. Kisanduku kitajua kabla yako. Zile sekunde nne ni zake. Mwache amalize sentensi yake, aweke alama, aage, alale. Akiamka atajua pa kuanzia. Kazi yako ni moja na ni ngumu kuliko yangu: kaa.

Kama ungejua ninavyotaka kuja, ungeogopa.

Mumeo mwenye mto,
Fundi Waya


Kituo cha afya, Alhamisi, 24 Aprili

Mume wangu,

Siku ya nane. Sijachora moyo, sijachora duara, naogopa hata kuweka nukta.

Umesema nikae. Nimekaa. Mara ya kwanza balbu ilipofifia miguu ilisimama yenyewe, nikaikemea. Mara ya pili nimekalia mikono yangu. Mganga akaingia akaniuliza kama naumwa. Nikasema, "Nasubiri sekunde nne." Akatoka polepole kinyumenyume.

Sasa Shangazi anakuja na chai yake anakaa nami. Taa ikianza kucheza ananishika kiganja, mkono wake mgumu kama mti, tunatazama kile kitaa cha kijani pamoja. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kinazima. Ananiachia. "Hukufa," ananiambia. Kila siku anasema hivyo hivyo, "Hukufa."

Nachoka, mume wangu. Kukimbia hakukunichosha hivi. Nikifika nyumbani nalala na viatu.

Upande wako bado haujaguswa.

Mkeo,
Kiranja


Karakana, Jumatano, 14 Mei

Mke wangu,

Kadi tatu zimesomeka. Siku ishirini na moja. Umeme umekatika mara thelathini na nne, na mara thelathini na nne imeandikwa "nazima," alama, "nimeamka." Nimezipitia moja moja usiku, sauti ya chini, kama mtu anayesikiliza mtoto anavyopumua.

Zimebaki siku tisa ambazo sijazisoma. Sitaandika tena mpaka niisome kadi ya mwisho. Si kwa ubaya. Kila ninachotaka kuandika kinaanza na "nikija," na neno hilo nimelimaliza tangu Februari.

Usiinuke.

Mumeo,
Fundi Waya


Kituo cha afya, Alhamisi, 29 Mei

Mume wangu mpenzi,

Siku thelathini zilitimia tarehe kumi na sita. Kadi ya mwisho Polepole aliichukua Alhamisi iliyopita, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapiga juu yake mara mbili. Tangu hapo sina habari. Juma zima silijui lilivyopita. Shangazi anasema jana nilimtilia mgonjwa kipimajoto, mtu akaniuliza saa, nikamsomea joto la mgonjwa.

Siku ya ishirini na sita sikukwambia. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kabla kitaa hakijatulia, mara tatu mfululizo. Niliinuka. Nilifika mpaka kwenye friji, mkono ukawa juu ya kadi, kidole kimeigusa kabisa, ina baridi. Shangazi hakuwepo. Nikasimama hapo nikahesabu kwa sauti, nikaurudisha mkono. Sijui kama kuigusa kunahesabika kama kuichomoa. Kama imeharibika, jua ni hapo, na jua nilirudisha mkono.

Nimeshafikiria yote mawili. Kama ni sifuri, nitaomba kazi ya kufagia karakana na tutalala wawili juu ya meza, mto unao. Sitaki kuzoea tena. Nimechoka kuwa hodari kwenye karatasi. Barua yako ya tarehe kumi na nne iko mfukoni imechakaa kwenye mikunjo, na sina mpya ya kuiondoa.

Nasikia gari. Polepole huwa anapiga honi langoni, leo hapigi. Mlango wa gari umefungwa mara mbili. Yeye huufunga mara moja tu, wa pili ni wa


(kwa mkono mwingine, wino mwingine)

Siku thelathini, mara hamsini na moja, zote zimesomeka. Ya siku ya ishirini na sita ndiyo safi kuliko zote.

Mwandishi wa barua hii ameiacha mezani bila sahihi na hajairudia, ana shughuli. Nimeisoma mpaka chini. Naifunga mimi, isije ikaonekana haikukamilika.

Mumeo,
Fundi Waya,
nyumbani